Bei ya Sufu

Baba aliishika karatasi ya bei kwa ncha za vidole,
kama mtu anavyoshika mkia wa panya.
"Chokoleti mia moja na ishirini," akasema,
"kwa fedha hii ningenunua kondoo dume,
na kondoo hayeyuki mfukoni."

Nilikuwa nimetoka dukani kwa Non,
duka lililobanwa kati ya kanisa la mawe na posta iliyofungwa,
ambako kila pakiti ina watu wake:
kakao ya ushirika wa Ghana,
sukari ya Paraguai, kahawa ya milima ya Hondurasi
iliyochumwa na mikono iliyoijua bei kabla ya kuchuma.
Nilitaka harusi yangu iwe hivyo.
Nisikate keki yenye deni.
Nisivae dhahabu ambayo mtu aliichimba akikohoa.

Baba hakujibu. Akavaa buti, akatoka,
akaingia katika mvua yetu ya Cwm Helyg
isiyobisha hodi wala kuaga.

Nilimfuata hadi ghalani.
Humo ndimo yalimo magunia ya sufu,
ya mwaka jana, ya mwaka juzi,
na ya ule mwaka ambao mnunuzi alitaja bei
na mama akacheka, akidhani ni mzaha.
Kumnyoa kondoo kulitugharimu kuliko sufu yake yote.
Jirani yetu Emrys aliichoma ya kwake nyuma ya zizi;
moshi ulinuka nywele siku tatu,
tukafunga madirisha, hatukumuuliza kitu.

"Baba," nikasema, "mkulima wa kakao
naye ana ghala lake."

Akaketi juu ya gunia,
likanywea chini yake polepole, likipumua.
Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo isemwavyo.
Lakini yupo mchumia mvuani
asiyekiona kivuli wala sahani,
na yupo mla kivulini
asiyeuliza lile jua lilimchoma nani.

"Anaitwa nani?"
"Nani, baba?"
"Huyo wa kakao."

Sikujua.
Kwenye pakiti palikuwa na kitambaa cha njano
na nusu ya tabasamu, nusu nyingine imemezwa na mkunjo.
Nikaona haya. Nilikuwa nimeinunua haki
bila kusoma maandishi yake madogo.

Aprili ikafika. Ifan wangu alivaa suti ya kaka yake,
keki ya Non iliinama upande mmoja kama mzee anayesikiliza,
na shangazi Dilys alikula chokoleti yake, akaomba ya jirani,
akatia tatu mkobani, akajidai anatafuta leso.
Naye baba,
aliyekula karamu zote za bonde hili bila kusifu chochote,
alipita meza hadi meza na kijikaratasi,
miwani puani, akiwasomea wageni,
akijikwaa kwenye silabi, akirudia mpaka limkae mdomoni:
"Akua Serwaa. Na wenzake mia tatu na arobaini."
Alikuwa amekwenda kwa Non mara mbili kuuliza.
Hakuniambia.

Kisha zawadi, imefungwa kwa gazeti na kamba ya majani makavu.
Blanketi.
Sufu ya mwaka ule wa kicheko.
Mfumaji alitaja ujira wake, baba akalipa,
hakuomba apunguziwe hata peni moja.
Mama anasema mkono ulimtetemeka kidogo.

Blanketi lenyewe linawasha.
Linakwaruza shingo, linanuka kondoo aliyelowa;
usiku Ifan hulisukuma hadi miguuni,
na alfajiri, baridi inapopanda kutoka mtoni,
mimi hulivuta tena.

Magunia mengine kumi na manne yamo ghalani bado.